Fundi asubiri, aje kwanza mpima

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Ama baada ya salamu, nimepata ujumbe wako kwamba fundi anataka kuanza kuchimba msingi Jumatatu. Mwombe asubiri. Fundi ni hodari wa kuta, lakini mpaka si kazi yake. Ataanzia kwenye ua wa jirani, na ua huo huenda ulijengwa kwa kukisia. Kiwanja kipimwe kwanza na mpima mwenye leseni.

Ukipata jina la mpima, usiridhike na kadi aliyokupa. Peleka jina na namba yake ya usajili kwenye bodi inayosajili wapima, wakuthibitishie kwamba leseni yake iko hai. Yule aliyempimia muuzaji mwache. Tunataka mtu asiyefungamana na upande wowote. Muulize pia nani hasa atakuja kiwanjani. Msaidizi anaweza kushika fimbo na kuita namba, lakini mwenye kutia saini lazima awe ameiona kazi kwa macho yake.

Andaa nakala ya hati, ramani ya upimaji yenye namba yake, na mkataba wa mauziano. Mpima anayejua kazi ataziomba kabla ya kutaja bei. Akitaja bei bila hata kuuliza namba ya ramani, achana naye. Kazi ya mpaka huanzia masjala, ofisi inayotunza ramani: huko ndiko anakochukua viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali hasa, vya kila kona ya kiwanja chetu na vya viwanja tunavyopakana navyo. Ramani za zamani mara nyingi zina mfumo wa viwianishi usiolingana na ule wa jipiesi (GPS) za sasa, na namba zilezile zikiingizwa bila kugeuzwa huweza kuangukia mamia ya mita kando. Kosa kubwa hivyo huonekana mara moja. Ninaloliogopa ni dogo: mpima mvivu anayesogeza namba zake kidogo kidogo mpaka zikubaliane na ua uliopo, kisha anasema kila kitu kiko sawa.

Akija na simu, au na jipiesi ndogo ya mkononi, mrudishe. Vifaa hivyo hukosea mita 3 hadi 5, na chini ya miti huzidi. Kwa mpaka wa nyumba inatakiwa totali stesheni, yaani kifaa cha kupima pembe na umbali, au vipokezi viwili vya setilaiti: kimoja kimesimama kwenye kituo kinachojulikana, kingine kinatembezwa kona kwa kona. Vikitumiwa vizuri, kosa lake ni sentimita chache tu. Karibu na mabati na kuta ndefu mawimbi hugonga na kurudi, kipokezi kikadanganyika, kwa hiyo hapo atumie totali stesheni. Vyovyote vile, aanzie kwenye alama mbili za upimaji zinazojulikana na ajihakiki kwa ya tatu. Akianzia kwenye bikoni (alama ya zege ya kona ya kiwanja) moja tu ya jirani, na bikoni hiyo ilishasogezwa, tutarithi kosa la wengine.

Nawe uwe na futikamba yako. Kiwanja chetu ni mita 30 mbele na mita 20 ubavuni, yaani mita za mraba 600. Tuseme bikoni ya mbele kulia imesogezwa ndani mita 1.5 kufuata ubavu. Ukipima mbele peke yake utasoma 30.04. Sentimita 4 nani atazishtukia? Lakini ubavu wa kulia utasoma 18.5, na umepoteza mita za mraba 22.5. Ndiyo maana pima pande zote nne, kisha pima vilalo, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Kiwanja chenye pembe mraba cha vipimo hivyo kina vilalo viwili vya mita 36.06. Kwa bikoni hiyo iliyosogezwa, kimoja kitabaki 36.06 na kingine kitashuka hadi 35.25. Futikamba uishike usawa, usiilaze kwenye mteremko, kwa sababu vipimo vya ramani ni vya usawa. Ardhi ikishuka mita 3, futikamba iliyolazwa ikasoma 30, umbali wa kweli ni 29.85. Penye mteremko pima vipande vifupi, ukishusha timazi kila mwisho wa kipande.

Bikoni isipoonekana haimaanishi imeng'olewa. Mara nyingi imefukiwa na udongo au kifusi. Achimbe taratibu mahali namba zinapoonyesha kabla ya kusimika mpya. Akiipata, alama yenyewe ni katikati ya nondo iliyo ndani ya zege, siyo ukingo wa zege. Ikiwa imegongwa na gari ikainama, usiinyooshe wewe. Katika nchi nyingi kugusa bikoni ni kosa la jinai, na hata kwa nia njema utaharibu ushahidi.

Majirani wote waalikwe mapema, wasimame pale mpima anapoonyesha kila kona. Jirani aliyeshuhudia hana sababu ya kuja na panga mwakani. Mmoja akipinga, msigombane. Mpima haamui ardhi ni ya nani. Anaonyesha mstari wa kwenye karatasi ulipo juu ya ardhi. Ripoti yake ndiyo mtakayoipeleka kwenye mamlaka husika.

Makubaliano yaandikwe: kona ngapi, bikoni ngapi mpya ikibidi, siku ngapi, na tutakabidhiwa nini. Tunataka ramani yenye saini na mhuri, orodha ya viwianishi, picha ya kila bikoni na faili ya kompyuta. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho uishike mpaka karatasi ziwe mkononi. Kama kuna bikoni mpya au kiwanja kinagawanywa, ramani lazima iidhinishwe na mamlaka ya upimaji. Kabla ya hapo ni mchoro tu.

Akiwa bado pale, mlipe aseti na kona za nyumba, yaani azionyeshe ardhini. Uliza kwanza ofisi ya mipango nyumba ikae umbali gani kutoka barabarani na kutoka kwa jirani. Nyumba ni mita 12 kwa 9, kwa hiyo vilalo vyote viwili visome 15 kamili. Vigingi vya kufungia kamba vikae nje ya mtaro, mita 1.5 hivi, la sivyo wachimbaji wataving'oa siku ya kwanza. Kuhusu ukuta wa ua, kumbuka msingi ni mpana kuliko ukuta. Ukuta wa sentimita 20 juu ya msingi wa 60 huacha sentimita 20 kila upande, na ukiuweka uso wa ukuta juu ya mstari, zege letu liko kwa jirani. Mstari uguswe na ukingo wa msingi.

Fundi akishamaliza kufunga kamba, mpima arudi kuzikagua kabla jembe halijagusa ardhi. Nitumie picha za bikoni zote, futikamba ikionekana, pamoja na nakala ya ripoti. Nitazisoma usiku huohuo nikupigie.

Mama umpe mkono wangu.

Ndimi kaka yako