Yah: Miche ya Cornus mliyotuuzia sio Cornus volkensii

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa Lushoto, risiti ninayo na lebo zenu bado ninazo. Kikundi chetu kiliagiza kwenu Cornus volkensii, ule mti wa asili wa milima ya Afrika Mashariki usiopukutisha majani, kwa ajili ya kupanda kwenye chanzo cha maji. Tulisema wazi mti wa asili tu, mgeni hatutaki, na mkatuletea miche mikubwa ya kwenye ndoo imeandikwa hivyohivyo.

Sasa jamani imetoa maua. Kila kichwa cha vimaua vidogo kimezungukwa na vitu vinne vipana rangi ya maziwa, ambavyo watu wanadhani ni petali kumbe ni majani yaliyogeuka, na baada ya hapo limekuja tunda moja jekundu lenye chunusi kama stroberi. Huo ni Cornus capitata wa huko Himalaya na China! Volkensii maua yake ni madogo tu hayana mbwembwe, na matunda ni vitunda vidogo vya kwenye kishada, kila kimoja peke yake, vikiiva vinakuwa vya zambarau.

Nilipowapigia, kijana wenu wa mauzo akaniambia nichane jani taratibu nikiona vinyuzi vyembamba vimeshikilia vipande viwili basi ndio wenyewe. Vinyuzi nimeviona, sikatai, ila vinyuzi hivyo vinakuambia tu kwamba huo ni ukoo wa Cornus, hata huo wa Himalaya anavyo. Majani yanayotazamana mawilimawili na mishipa inayopinda kuelekea ncha, hivyo navyo wanavyo wote wawili, kwa hiyo hapo hujathibitisha kitu.

Afu akaja na hoja ya kwamba majina ya kitaalamu hubadilika. Ni kweli, volkensii kuna vitabu vinamwita Afrocrania volkensii, na capitata aliwahi kuitwa Benthamidia, lakini kubadilishwa jina hakugeuzi mti mmoja ukawa mwingine, hii ni kama kunipa mbuzi nikiuliza kondoo uniambie amebadilishiwa jina.

Na kuna jambo hata mngeleta mti sahihi mlipaswa kutuambia: volkensii ina mti dume na mti jike mbalimbali, ukipanda dume watupu mbegu hupati. Kwenye ndoo zenu kila mti ulichanua na kubeba matunda wenyewe, hilo peke yake lingewashtua, maana maua ya capitata yana dume na jike humohumo.

Nimekausha matawi kwenye magazeti, yana majani, maua na matunda, nayapeleka hebaria, yaani mahali wanapohifadhi mimea iliyokaushwa na kuitambua, hapahapa Lushoto. Mkitaka mtu wenu awepo aje, sina shida.

Ninachotaka: hela yetu yote irudi kwa namba ileile tuliyolipia pamoja na nauli ya gari, mje mng'oe miti yenu kabla ndege hawajasambaza mbegu msituni, na muwapigie wateja wengine mliowauzia ndoo za mzigo ule. Na lebo zile mzitoe kwanza, kwa sababu juzi nimepita hapo Tanga mjini bado mnauza kwa jina lilelile, hiyo ndo iliyoniudhi kuliko yote.

Nipigieni wiki hii.

Mteja wenu, Lushoto