Skolashipu ya injinia iwakumbuke na walioanzia gereji

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari ya ile familia iliyoamua kumuenzi mzee wao, injinia, kwa kusomesha vijana chuo kikuu. Nimefurahi sana, yaani nimeisoma mara mbili. Ila nina ombi kwao na kwa familia nyingine yoyote yenye wazo kama hilo: msiangalie maksi peke yake.

Kuna kijana ameshika spana toka ana miaka kumi na tano, akisikia tu injini inavyounguruma anakwambia shida iko wapi hata hajafungua kitu, lakini matokeo yake ya mtihani ni ya katikati kwa sababu wenzake wakiwa kwenye vitabu jioni yeye yuko chini ya gari anatafuta hela ya kula. Huyo kwenye fomu nyingi za skolashipu anatolewa raundi ya kwanza kabisa, na inaniuma kwa sababu mi nilikuwa huyo.

Wala sio wazo jipya. Joseph Whitworth wa Uingereza ndo yule injinia aliyeleta kipimo kimoja cha meno ya bolti na nati mwaka 1841, pembe ya digrii 55, maana kabla ya hapo kila karakana ilikuwa inakata meno kivyake na bolti ya huku haiingii nati ya kule. Mwaka 1868 akatoa hela yake akaanzisha skolashipu 30 za pauni 100 kwa mwaka kila moja. Alifariki 1887 na skolashipu zenye jina lake zipo mpaka leo, na wanaopewa ni wale walioanza na mafunzo ya ufundi kazini kabla ya digrii!

Jambo la pili ni hela yenyewe. Familia nyingi zinachanga kwa moto, zinachukua vijana watano kwa mpigo, mwaka wa tatu michango inakauka. Bora mfuko ambao mtaji wake hauguswi, unawekezwa, kinachotumika ni kama asilimia 4 au 5 kwa mwaka na faida nyingine inabaki humo ili mfumuko wa bei usiumalize. Ukitosha mtu mmoja tu basi awe mmoja, ila amalize. Wafadhili wangu (siwataji) walikata nikiwa mwaka wa tatu, nikaahirisha masomo, narudi hesabu zote zimeshanitoka kichwani ikabidi nianze kujifunza upya usiku usiku.

Halafu ada sio kila kitu jamani. Kuna laptopu, kuna nauli na chumba wakati wa fildi, kuna buti za usalama, mwenzangu mmoja alirudishwa getini siku ya kwanza ya fildi kwa kukosa buti tu na ada yake ilikuwa imelipwa yote.

Na kwenye usaili, pamoja na hao maprofesa, mwekeni fundi mmoja aliyefanya kazi na mzee. Mwombaji apewe pampu mbovu aifungue mbele yake huku anaeleza anachokiona. Huyo fundi atawaambia nani wa kumsomesha.

Wako,
Fundi mitambo aliyepata digrii akiwa na miaka 31