Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: mgonjwa wa manjano apigwe picha kabla ya kuwekewa mpira wa nyongo

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Saratani ya mirija ya nyongo ni nadra, na kwa kuwa ni nadra, mgonjwa hupewa dawa za malaria au huambiwa ana homa ya ini huku siku zikienda. Macho yamegeuka manjano, tumbo pengine haliumi, mkojo umekoza kama chai ya rangi, mwili unawasha hadi usiku hakulaliki. Choo ndicho shahidi mkubwa. Nyongo ndiyo inayokitia rangi. Kikipauka kama chokaa, basi haishuki utumboni. Wazee wetu huona haya kukitaja, kwa hiyo mhudumu aulize mwenyewe.

Tunaomba uagize vituo vyote, kuanzia Kizingitini hadi Witu, mgonjwa wa namna hii apimwe damu: bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) ya jumla na ya moja kwa moja, pamoja na fosfatesi ya alkali (kimeng'enya kinachopanda nyongo ikizuiwa), na apigwe altrasaundi wiki hiyo hiyo. Ripoti itaje upana wa mrija mkuu wa nyongo kwa milimita na kama mirija ya ndani ya ini imetanuka. Ikitanuka ya ndani tu na mrija mkuu ukabaki mwembamba, kizuizi huenda kiko pale mirija ya kulia na kushoto inapokutana. Hapo ndipo uvimbe huu huota zaidi.

Kosa linalotuuma ni la mpangilio: mpira wa kupitisha nyongo huwekwa kwanza, CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) baadaye. Mpira ukishaingia, mirija hunywea na kuta zake huvimba. Daktari wa upasuaji haoni vizuri uvimbe umeishia wapi, na upasuaji ndio tumaini kuu la kupona kabisa. Picha itangulie. Ila akiwa na homa na kutetemeka, nyongo imeingia maambukizi: aanze antibiotiki ya mshipa saa hiyo, njia ya nyongo ifunguliwe haraka.

Kipimo cha damu cha CA 19-9, kinachotumiwa kama alama ya saratani, kisimhukumu mtu, hata jiwe la nyongo hukipandisha. INR, kipimo cha kuganda kwa damu, isisahaulike: bila nyongo utumboni vitamini K hainyonywi, damu hukawia kuganda, mara nyingi miligramu 10 za vitamini hiyo kwa mshipa, polepole, hurekebisha.

Majibu yote na picha kwenye CD mgonjwa apewe mkononi kabla ya kupanda boti ya Mokowe kwenda kutibiwa Mombasa. Karatasi moja ikikosekana huko, anaanza upya.

Tunasubiri agizo lako kwa maandishi.

Wahudumu wa afya, Lamu