Mwanangu Swabra, kabla hujaja na daftari

Mwanangu Swabra,

Babako anakusalimu, na mimi pia. Sisi hatujambo, ila moyo wangu haujatulia tangu Alhamisi uliponiambia kwa simu kwamba utafiti wako wa chuo utaufanya hapa kwetu Mkomani, na kwamba utawauliza watu habari za kufu, nani wa ukoo gani anafaa kumwoa nani. Lamu nzima hii hukuona jambo jingine? Maulidi yapo, mafundi wa majahazi wapo Matondoni, bandari mpya ipo na wavuvi wana mengi ya kusema. Kufu!

Daftari lako la mwaka wa kwanza uliloliacha juu ya kabati nimelisoma lote. Sikufichi, nilifurahi, nyumba hii haijapata mwanamke aliyesoma mpaka huko. Babako naye kalisoma, anauliza mbona mmejaza Wazungu, na Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, aliyeeleza asabiya, ule moyo wa kushikamana, inavyowaunganisha watu na inavyowatoka wakishazoea starehe, kapewa mstari mmoja. Hilo mjibu mwenyewe.

Mimi nilikwama kwa yule Mwingereza, Edward Tylor. Umeandika kwamba mwaka 1871 alisema utamaduni ni elimu, imani, sanaa, maadili, sheria na desturi, yote anayoyapata mtu kwa kuwa mmoja wa jamii. Chini yake umepiga mstari mara mbili: mtu hazaliwi nao, hufunzwa. Nililifunga daftari, usiku nikalifungua tena. Sisi tuliambiwa uungwana uko kwenye damu. Kama hufunzwa, basi yule kijana wa Langoni, upande wa pili wa mji, aliyekuja kusoma Qurani kwa babako tangu ana miaka saba, alikosa nini?

Hilo usiliandike.

Wewe ulikuwa mdogo, siku ile hukuiona. Wajomba wa kijana yule walipoleta posa waliketishwa dakani, pale kwenye baraza la mlangoni, ndani hawakukaribishwa. Kahawa niliipika mimi. Sinia liliporudi, kikombe kimoja kilikuwa kimejaa vilevile, kahawa imeshafanya utando juu. Nikaimwaga, nikakiosha. Ami yako alikuja jikoni kuniuliza rai yangu, nikamwambia nina wali motoni. Dada yako alikuwa juu, anasikia.

Utaniambia mambo yamebadilika. Yamebadilika, kweli. Habib Swaleh aliyetoka Ngazija alipowafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka wafundishwe, na matari yakapigwa, alipingwa sana. Leo Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia, Mkomani na Langoni wote wanabanana kwenye msikiti wake wa Riyadha. Lakini kubanana msikitini ni jambo moja na kuoana ni jingine, na wewe unakuja kuuliza hilo la pili, kwa watu waliokupakata.

Umeandika pia kwamba si haki kuwapima watu kwa pishi yako mwenyewe. Basi usije ukatupima sisi kwa pishi ya Nairobi. Ukienda kwa Bi Zena, vua viatu, mwulize miguu yake inaendeleaje, kaa unywe chai. Daftari litoke siku ya pili. Majina usiandike kabisa. Ukisema tu "nyumba ya mlango wa nakshi karibu na kisima", mji mzima umeshajua ni kwa nani. Na dada yako usimwulize. Akianza mwenyewe, weka kalamu chini umsikilize. Mara ya mwisho ulimpigia lini? Kila ukipiga unaongea na mimi, unamtumia salamu kama mgeni.

Mwalimu wako nae mwambie mamako amesema nyumba yetu isiwemo. Kama ni lazima iwemo, basi andika kwamba mama wa nyumba aliulizwa na hakujibu. Hilo ni kweli, naliridhia.

Ukija mletee babako uzi mweupe wa kofia, ule mwembamba. Wa hapa unakatika na ile ya vito hajaimaliza. Samaki wamekuwa ghali, kusi imekuwa kali na mashua nyingi hazitoki. Punda wa ami yako amepona mguu, anabeba mchanga tena. Dari ya chumba chako inavuja upande wa kitanda. Fundi amesema boriti mbili zimeoza, atakuja akishamaliza kazi yake Shela. Utalala kwa dada yako. Nimeshamwambia, na mkeka ameshautandika.

Mamako