Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Chama cha Mashabiki wa THE ALFEE, Waswahili Tuishio Japani

Ndugu wanachama,

Assalaam aleykum, Bwana asifiwe, na heri ya mwaka mpya.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulipanga vikao 12, tukafanya 6. Tulitazama DVD za maonyesho ya zamani, tukasaidiana kuelewa mashairi, na tarehe 25 Agosti tukakata keki ya miaka 50 tangu wazee wetu wa THE ALFEE, bendi ya roki ya hapa Japani, watoe santuri yao ya kwanza. Keki niliinunua mimi. Sidai.

Sasa niingie kwenye suala la tiketi za onyesho lao kwenye ukumbi wa Budokan, Tokyo, maana grupu halijapoa tangu Desemba.

Tiketi hutolewa kwa kura ya bahati nasibu. Tuliomba viti 8, bahati ikatupa 4. Fomu niliijaza mimi, kwa Kijapani, saa saba usiku nikitoka zamu kiwandani. Kamati (yaani mimi na mweka hazina, kwa kuwa katibu hakutokea) ikaamua viti viende kwa waliomaliza ada ya mwaka. Waliomaliza ni wanne. Kwamba mimi na mweka hazina tumo kwenye hao wanne si njama, ni risiti. Daftari lipo, anayetaka aje alione.

Wapo waliotaka fedha za chama zinunue tiketi nyingine kwa walanguzi, bei zaidi ya mara tatu. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Tangu Juni 2019 nchi hii ina sheria dhidi ya ulanguzi wa tiketi: kifungo hadi mwaka 1, faini hadi yeni milioni 1. Najua inambana muuzaji, si mnunuzi. Mwanachama mmoja amenikumbusha hilo mara tatu. Lakini ukiulizwa kitambulisho mlangoni na jina halilingani, unarudishwa nje na baridi yako. Nani angelaumiwa? Mwenyekiti.

Halafu tukumbuke tunamshabikia nani. Hawa waliachana na kampuni yao ya kwanza mapema, wakakaa miaka bila kurekodi, wakiwapigia wenzao muziki, hadi walipoanza upya mwaka 1979. Wimbo wa kuwatoa, “Marie-Anne”, ulikuja 1983. Agosti 1986 wakakusanya watu 100,000 kando ya Ghuba ya Tokyo. Wameshapanda jukwaani zaidi ya mara 2,800, na Sakurai, Sakazaki na Takamizawa ni wale wale, hawajavunja kundi. Sisi tuko 11, chama kina miaka minne, na viti vinne vimetutoa roho. Watu wa namna ile unawaendea kwa mlango wa mbele.

Niliyoyaona ukumbini niwaeleze, maana nimeambiwa nilienda kustarehe. Takamizawa alitoka na gitaa lenye umbo la malaika, mabawa na yote, na mzee alikuwa na miaka 70. Sakurai, miwani yake myeusi usoni, alishika noti moja ya juu hadi mama aliyekaa kando yangu, wa umri wa bibi yangu, akanishika mkono bila kunijua. Baadaye akanipa pipi iliyofungwa kwenye tishu na kuniuliza natoka nchi gani. Nikamjibu. Akanipa ya pili.

Mahudhurio yamenivunja moyo. Usiku wa tarehe 31 Desemba wazee wetu walirudi kwenye Kohaku, tamasha la muziki la mkesha wa mwaka mpya kwenye televisheni ya NHK, baada ya miaka 41. Miaka 41! Nilitangaza wiki tatu kabla kwamba tutatazama kwangu. Nikapika pilau la watu 11 kwenye chumba cha mikeka sita. Walikuja watatu. Wengine mkaandika “nipo njiani” hadi wimbo wao “Hoshizora no Distance” ukaisha. Pilau nimelila mpaka tarehe nne.

Fedha: tulianza na yeni 12,400, tukakusanya 31,500 badala ya 66,000, tukatumia 29,850, zimebaki 14,050. Wanne wamemaliza, watatu wamelipa nusunusu, na wanne hawajatoa hata yeni moja, na wawili kati yao ndio waliolalamika zaidi kuhusu tiketi. Majina sitaji. Wanajijua.

Mwaka huu, Mungu akipenda, tunatarajia kwenda wengi zaidi kwenye maonyesho ya masika, na ikiwezekana kutembelea Chichibu, kwao Sakurai. Tarehe itapangwa. Nimesikia pia kuna wanaotaka uenyekiti. Fomu ya kura ijayo ya tiketi ipo, ijazeni nyinyi, na iko kwa Kijapani.

Mwisho, aliyeondoka na sufuria langu dogo usiku ule wa Kohaku alirudishe. Mlikuwa watatu tu.

Wenu,
Mwenyekiti