Barua ya wazi kwa binamu yangu anayesema Lenny Kravitz ni fotokopi

Binamu, shikamoo sikupi maana hujanizidi kitu, ila salamu pokea. Umeandika kwenye grupu la ukoo eti Lenny Kravitz, yule Mmarekani mweusi wa muziki wa roki, ni fotokopi tu, na ile albamu yake Mama Said ya 1991 ni Jimi Hendrix yule mpiga gitaa na Beatles ile bendi ya Waingereza waliokorogwa sufuria moja, ukamwaga vikatuni vya kucheka alafu ukapotea. Mi nakujibu hapahapa mbele za watu.

Kuiga kupo, sibishi. Kwenye albamu hiyo, wimbo wa Stop Draggin' Around gitaa lake ni Hendrix mtupu, na Always on the Run ni fanki ya miaka ya sabini hata kama anayelikung'uta gitaa ni Slash wa Guns N' Roses. It Ain't Over 'til It's Over ndo usiseme, vayolini zinaingia taratibu, kuna ule mlio wa sitar, chombo cha nyuzi cha Kihindi, uliokuwa umejaa kwenye muziki wa soul wa Philadelphia enzi za kundi la Stylistics, na jamaa anapanda na sauti nyembamba ya juu mpaka unamkumbuka Curtis Mayfield, yule mwimbaji wa soul. Matarumbeta ya kwenye albamu kawaita Phenix Horns, walewale waliokuwa wanapuliza na bendi ya Earth, Wind & Fire. Sasa mwizi gani anamwita mwenye mali aje amsaidie kubeba?

Na sikiliza zile dramu bana. Kavu, ziko karibu na sikio, hazina ule mwangwi mkubwa wa miaka ya themanini, maana wakati wenzake wanabonyeza mashine yeye na injinia wake Henry Hirsch walikuwa Hoboken, New Jersey, na mitambo ya kizamani, na vyombo vingi anapiga mwenyewe.

Kinachoniudhi ni pale uliposema kawaibia Waingereza. Waingereza gani binamu? Beatles 1963 walirekodi Roll Over Beethoven ya Chuck Berry, mwaka uliofuata Long Tall Sally ya Little Richard, wote wawili Wamarekani weusi, na Hendrix mwenyewe ni mtu mweusi wa Seattle aliyelazimika kwenda London 1966 ndo dunia imjue. Kravitz kabla hajatoka kampuni za rekodi zilikuwa zinamzungusha, huku wanamwambia muziki wako sio wa weusi vya kutosha, kule sio wa weupe vya kutosha, kwahiyo akichukua gitaa la Hendrix anachukua cha kwao, ila Beatles tunawaita wabunifu, yeye fotokopi.

Mashairi yake mepesi, hapo nakupa, mapenzi mapenzi tu kila wimbo. Lakini It Ain't Over aliiandika ndoa yake na mwigizaji Lisa Bonet ikiwa inamfia mkononi na unasikia anavyombembeleza, hiyo hakuazima kwa mtu.

Isikilize tena usiku na hedifoni, sio kwenye kisimu chako, alafu njoo unionyeshe Hendrix yuko wapi kwenye zile vayolini. Na spika yangu uirudishe, mama yako kashaniambia iko kwenu.