Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka 2021

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusaidiana misibani, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mambo ya kawaida sitayakalia, mnayajua. Kamati ilikutana kila mwezi isipokuwa Ramadhani. Misiba ilikuwa 6, kila familia ikapata Sh15,000 zake. Turubai lilikodishwa vizuri. Sufuria mbili hazijarudi, na aliye nazo anajijua.

Sasa suala la Sh48,000, ambalo nimelisikia sokoni Ukunda, kwenye matatu za Likoni, kila mahali isipokuwa kikaoni. Pesa hizo zilitoka mfuko wa misiba zikamlipa mshauri nasaha aliyekuwa akija Alhamisi jioni. Imesemwa kwamba mwenyekiti anawalipia watu wazima porojo kwa pesa za maiti. Naye mkaguzi wa hesabu ameandika kwamba stakabadhi hazina majina ya waliohudumiwa. Kweli hazina. Mimi ndiye niliyekataa yaandikwe, na hata leo nakataa.

Tukumbushane tulikotoka. Aprili 2020 Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa kwa sababu ya korona, ndege za nje zilikuwa zimesimama tangu Machi hadi Agosti, hoteli zikabaki na walinzi na paka. Wengi wetu tunaofanya kazi hotelini tulipewa likizo bila malipo, kwa barua isiyosema mwisho wake lini. Makato ya NHIF, bima ya afya ya serikali wakati huo, yakakoma, kadi zikalala. Tulipodhani tumevuka, Aprili 2021 Uingereza ikaitia Kenya kwenye orodha nyekundu ya nchi za kuepukwa kwa korona hadi Septemba, wageni waliokwisha kubuku wakafuta safari, na kafyu haikuondoka mpaka Oktoba 20.

Mshauri alituambia, bila kumtaja mtu, kwamba waliolemewa zaidi si wale waliofutwa moja kwa moja. Hao walishika boda, jembe au samaki. Walioumia ni walioachwa wakingoja: ameitwa kazini, karudishwa, kaitwa tena, sasa anaamka saa tisa za usiku kuangalia simu. Hata mahamri aliona haya kuuza, meneja asije akampitia. Na baba aliyezoea kutuma pesa kwao Taita akawa yeye ndiye anayetumiwa.

Mtaniuliza kwa nini hatukwenda hospitali ya serikali. Port Reitz wanatibu maradhi ya akili, lakini ni ng'ambo ya feri, kuna nauli, na kuna macho ya watu. Wengine walikwenda kwa waganga, na sikusikia mtu akidai stakabadhi ya mbuzi.

Kuhusu majina: mwaka 2021 kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa bado kinaweza kumfunga hadi miaka miwili mtu aliyejaribu kujiua. Jopo la serikali la afya ya akili, chini ya Dkt Frank Njenga, lilitaka mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Kifungu kikabaki palepale mwaka mzima wa 2021. Hoteli nazo ndiyo kwanza zinachagua nani arudi kazini. Nitie majina kwenye daftari ambalo huachwa juu ya meza ya kinyozi?

Katiba yetu inasema mfuko ni wa msiba. Haisemi lazima mtu awe amekwisha kufa. Kamati iligawanyika 3 kwa 3, nikapiga kura ya kuamua, kama ninavyoruhusiwa. Tena mshauri alipunguza bei kwa sababu nilimwendea mwenyewe, na chumba kilikuwa changu, bila kodi, wanangu wakikaa nje. Sisemi haya kujisifu.

Ajabu ni kwamba mkutano wa Agosti tulikuwa watu 11, na akidi ni 40. Leo viti havitoshi. Wanachama ni 143, waliokamilisha ada 58, madeni Sh132,600, benki Sh71,450. Ada ni Sh200 kwa mwezi. Hali naijua, lakini wapo waliorudi kazini tangu Oktoba ambao hawajaleta hata senti, na baadhi yao ndio wanaoulinda mfuko kwa sauti kubwa zaidi.

Mwaka huu, tukijaliwa, tunatarajia kuzungumza na mameneja wa hoteli, na pengine kufungua mfuko wa pembeni wa matibabu. Kuna mfadhili ameonyesha nia.

Mweka hazina atasoma hesabu. Mwenye swali la stakabadhi aniulize mimi, asimsumbue yeye.

Mwenyekiti